Bibi Hermina na Kibao cha Katikati

Bibi yangu Hermina ana wivu, na ukimuuliza atakwambia mwenyewe kabla hata hujakaa. Zamani hakuwa hivyo. Yaani wivu alikuwa nao tangu mtoto, ila kuusema ndiyo alikuwa hausemi. Alikuwa anaumeza kama dawa chungu, halafu anaenda jikoni kumenya viazi. Sisi tulikuwa tunajua. Siku akimenya viazi kwa wivu, jioni tunakula viazi vidogo kama njegere, maana nusu imeondoka na maganda.

Ngoja nianze naye kwanza, nyuki watakuja.

Alizaliwa shamba la juu, lile la mwisho kabla msitu haujaanza, mtoto wa tano. Huko kila kitu kilikuwa kimeshavaliwa na mtu: viatu, koti la theluji, hata godoro lilikuwa na shimo la mgongo wa dada yake. Kitu kimoja tu kilikuwa chake peke yake, kusoma kwa sauti. Mama yake macho yalikuwa mabovu, kwa hiyo jioni wenzake wanachambua maharage, yeye anasoma gazeti la kanisa, kidole chini ya mstari. Alipokua akapata kazi kwenye kiwanda cha glavu, zile za watu wanaoteleza kwenye theluji. Saa ya chakula mashine zikizimwa, akina mama wanamwambia Hermina hebu tusomee, naye anawasomea hadithi ya gazetini, mkate mkono mmoja. Anasema siku moja msimamizi alikuja kuwarudisha kazini, akaishia kukaa juu ya boksi la nyuzi kusubiri ajue kama yule bwana wa kwenye hadithi ataoa au hataoa. Hiyo siku bibi ameisimulia mpaka imechakaa, lakini kila akiisimulia shingo inarefuka.

Kiwanda kikafungwa. Babu Lovrenc naye akafariki, akamwachia nyuki.

Kwetu kijijini Podlipje nyuki hawakai huko porini. Wanakaa kwenye banda lao la mbao, barabarani kabisa, ukivuka tu unafika jumba la zimamoto. Ndani mizinga imepangwa kama madroo ya kabati, safu tatu, mitano mitano. Nje unaona vibao tu, kila mzinga na kibao chake, na chini ya kibao mlango mwembamba wa nyuki. Vile vibao vinachorwa. Tangu enzi za mababu. Wengine walichora wanyama wanamzika mwindaji, wengine shetani anamnoa mwanamke mmbea ulimi kwenye jiwe la kunolea shoka. Si urembo tu. Nyuki akirudi na mzigo wake anatazama picha, ndiyo anajua hapa ni kwetu, pale ni kwa jirani.

Vya babu vilikuwa vimebabuka, huoni tena nani shetani nani mwanamke. Ndipo bibi akapata wazo, na hili wazo ni lake, hata wanaomchukia wanakubali. Majira ya baridi yakiingia, kila Alhamisi, kijiji kinakutana jumba la zimamoto kusoma kitabu kimoja. Kitabu ni kimoja kwa wote, kila mtu anasoma sura yake kwa sauti, wengine wanasikiliza na kunywa divai ya moto. Halafu aliyesoma sura ndiye anayeichora. Theluji ikiisha, vibao vyote vinapanda bandani. Mpita njia akisimama pale, kitabu kizima kiko mbele yake, na nyuki wanaingia na kutoka kwenye sura.

Watu walikuja. Mwanzo kwa ajili ya divai, tusidanganyane, lakini walikuja. Mzee Ciril, mkuu wa zimamoto, seremala, yeye ndiye anayekata vibao. Bubu kama mlango, na kusoma kwake ni kama mtu anashusha magogo, ila hajawahi kukosa.

Sasa, sura ya mwisho. Sura ya mwisho inakaa katikati, safu ya kati, mzinga wa tatu, pale macho yanapotua kwanza. Na sura ya mwisho alikuwa anasoma bibi. Kila mwaka. Hakuna aliyepiga kura, hakuna aliyesema. Ilikuwa kama kiti cha baba mezani, kiko wazi na hakuna anayekikalia.

Mpaka aliporudi wifi yake.

Milojka ni dada yake babu Lovrenc. Aliondoka na miaka kumi na tisa kwenda ughaibuni, Stuttgart, akafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka, mashuka, mashuka, mpaka akastaafu. Akarudi na nywele fupi nyeupe, koti la kijani, na sanduku moja tu, akafungua nyumba ya wazazi iliyokuwa imefungwa. Bibi akampokea vizuri. Akampelekea mkate wenye njugu za jozi, ule wa kuviringisha, mzima. Milojka akala kipande, akasema mtamu sana wifi, mama alikuwa anaweka na ganda la limao kidogo. Jioni ile tulikula viazi vidogo.

Alhamisi ya kwanza ya baridi Milojka akaja na kujikalia nyuma karibu na makoti. Kitabu cha mwaka ule kilikuwa cha mchuuzi wa vijiko vya mbao na machekeche, ametoka kwao kwa miguu na mzigo mgongoni, akapita nchi na nchi, miaka na miaka. Siku anarudi, anamkuta ndugu yake amekaa kwenye meza yake, na mke wake anampakulia. Aliyepangiwa kusoma sura ya pili alishikwa na mafua, hakuja. Ciril akamtazama Milojka, akamsogezea kitabu bila neno.

Akasoma.

Sijui niseme vipi. Hakuwa anaigiza. Sauti yake haikuwa hata kubwa. Lakini mchuuzi alipokuwa anabishana bei, ulimsikia mchuuzi, na alipokuwa anadanganya, uliona kabisa anadanganya, ingawa kitabu hakikusema. Kumbe miaka yote ile kwenye mashuka alikuwa anapiga pasi na vitabu vya kusikiliza masikioni. Miaka arobaini anasikiliza wasomaji wazuri. Alipofika mwisho wa sura hakuna aliyeinua glasi. Divai ya Ciril ilikuwa imepoa na hakuwa ameigusa, na huyo ni Ciril.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya bibi. Alikuwa anatabasamu. Akapiga na makofi, wa kwanza kabisa. Ila mguu wake chini ya meza ulikuwa unapiga sakafu taratibu, kama mtu anasubiri basi ambalo ameshaambiwa halipiti.

Tulipofika kwenye kugawana sura za mwisho, mama Tinkara wa duka la mkate akasema, kwa upole tu, kama anayeuliza chumvi, labda mwaka huu Milojka ndiye asome mwisho. Watu wakaangalia jiko la moto. Bibi akasema, "Asome. Si sauti anayo?" Na akacheka. Nyumbani akatafuta viazi vikawa vimeisha, akamenya karoti.

Kwa hiyo Milojka akasoma mwisho, ile sehemu mchuuzi amesimama nje ya geti la kwake, anasikia wanacheka ndani, na hajui agonge au ageuke. Watu wazima walilia. Tinkara alilia mpaka akatoka nje. Bibi yeye alisoma sura iliyotangulia, ya machekeche kulowana mvua. Ilikwenda vizuri tu. Watu walipiga makofi ya heshima, yale ya harusi ya mtu usiyemjua sana.

Ikaja Aprili, kuchora. Tunachora wote pamoja kwenye gereji ya gari la zimamoto, tunatoa gari nje, tunapanga meza, rangi ni za makopo yaliyobaki ya kila mtu. Bibi akachukua nyekundu. Akajaza. Mchuuzi mwenye skafu nyekundu, machekeche mekundu, mvua yenyewe kama damu. Alichora siku nzima bila kuinua kichwa. Milojka hajawahi kushika brashi maishani, akachora kitu cha ajabu: mlango mkubwa wa bluu, mwanga wa njano unatoka chini yake, na mbele mgongo wa mtu, basi. Hakuna uso. Hakuna hata kijiko.

Watu wakaja kutazama. Wakasimama nyuma yake kama walivyosimama kwenye kusoma.

Bibi akanivuta sikio karibu. "Sasa hiyo nini? Si kama kibao cha duka la maziwa?"

Nikamwambia bibi, mbona ni kizuri. Akaniambia nenda kaoshe brashi.

Cha mwisho kikaenda katikati kama kawaida, vingine tukapiga kura. Kura ikamtupa bibi safu ya chini, mwisho kabisa, kando ya bomba la mvua, kwenye mzinga wa kundi changa lililokuwa bado linajaribu kuishi. Ciril akapigilia misumari. Bibi akamshikia misumari yenyewe, mmoja mmoja, anampa.

Wiki zikapita. Nyuki wetu wa kijivu wakajifunza picha zao. Akasema katibu wa kijiji kwamba Jumapili fulani ya Mei tutafungua rasmi, bendi ya zimamoto itapiga, na mpiga picha wa gazeti la mjini Kranj atakuja.

Hapo ndipo kitu kikamwingia bibi. Anasema alilala akaiona ile picha ya gazeti. Katikati mlango wa bluu. Yeye kando ya bomba. Banda la marehemu mume wake, nyuki wake mwenyewe, wazo lake, na mtu akifungua gazeti anaona mlango wa duka la maziwa.

Jumamosi wanaume walikwenda mazoezi ya mabomba mtoni, wanawake wako majumbani wanaoka. Saa sita mchana barabara tupu, jua kali, maua ya akasia yamefunguka kilima kizima na nyuki wote wako kazini. Bibi akatoka na koleo mfukoni mwa aproni. Aking'oa kibao cha Milojka, anasema, hakuwa na woga, ilikuwa kama njaa. Akakipeleka bombani. Chake akakileta katikati. Akarudisha misumari kwenye matundu yale yale. Akasimama barabarani, akatazama. Nyekundu katikati, kama moyo. Anasema alifurahi kwa muda wa kuvuka barabara.

Sasa nyie hamjui, lakini kila mtu kwetu anajua, hata mtoto wa chekechea anajua, kwamba kibao hakihamishwi mchana. Ukitaka kukihamisha unasubiri jua lizame, nyuki wote wamerudi ndani, na hata hapo unaomba Mungu. Bibi ndiye aliyekuwa anawafundisha watu hilo. Alikuwa na mpaka sauti ya kulifundishia. Na siku ile hakulikumbuka. Wivu ulikuwa umekaa mbele ya kila kitu alichokijua, kama mtu mrefu kwenye kiti cha mbele.

Jumapili ilikuwa nzuri. Bendi imevaa sare, Tinkara ameleta meza nzima ya mikate, mpiga picha ni kijana mwenye ndevu chache anapiga kila kitu hata sahani. Kijiji kikavuka barabara kwenda bandani, na bibi yuko mbele, blauzi nyeupe, ameshajiandaa. Akiulizwa atasema upepo wa juzi uliangusha vibao viwili akavirudisha haraka, hakuangalia. Uongo mzuri, umenyooka.

Hakuna aliyemuuliza.

Walifika, wakasimama, na hata hawakutazama picha. Wakatazama milango. Watu wa kwetu ndivyo walivyo, ukiwapeleka kwenye banda la nyuki macho yanakwenda chini kwanza. Kule bombani, chini ya mlango wa bluu, nyuki walikuwa wamejazana kama zabibu kwenye kikonyo, wanasukumana, wengine wanapepea mabawa, na chini kwenye nyasi kulikuwa na waliokufa. Nyuki wa mzinga wa kati, kundi kubwa kuliko yote, walikuwa wametoka Jumamosi asubuhi na kurudi na mizigo kwenye mlango wao wa bluu, na mlango wao ulikuwa umehamia kwa majirani. Wakaingia huko huko. Na katikati, chini ya skafu nyekundu, nyuki wawili. Mmoja akaingia. Mwingine akafikiria, akaruka akaenda zake. Nyekundu yenyewe nyuki haioni, kwake ni giza tu.

Bendi ilikuwa bado inapiga, halafu ikaacha, mmoja mmoja, wa tarumbeta ndiye wa mwisho.

Kila mtu alikuwa ameshaelewa. Niliona kwenye nyuso zao, wanalitazama bomba, wanatazama katikati, wanatazama viatu. Ciril alikuwa ameweka mkono mdomoni. Na hakuna aliyesema kitu, kwa sababu ni bibi, na kwa sababu ni wivu, na nani hajawahi.

Sasa kulikuwa na mtu mmoja tu pale asiyejua nyuki. Miaka arobaini ya mashuka. Milojka akasogea mbele, akainama bombani, akasema kwa furaha kabisa, "Jamani, mbona nyuki wote wako kwenye picha yangu?"

Hapo nikamtazama bibi. Ule uongo wa upepo ulikuwa mdomoni, niliuona. Akaumeza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumeza uongo badala ya wivu.

"Wanakufuata wewe, wifi," akasema. "Kama watu wengine wote. Jana mchana nimehamisha kibao chako, nikaweka changu. Wivu tu. Hakuna sababu nyingine, usiitafute."

Mpiga picha akashusha kamera.

Ciril akatoa mkono mdomoni. Nilishawaambia huyu mzee haongei. Alimtazama bibi kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua.

"Wivu tunauelewa, Hermina," akasema. "Lakini mchana?"

Na kijiji kizima kikaguna. Mchana, wanaambiana. Akasia imefunguka. Mchana kweupe. Wakaanza kucheka nyuma nyuma, kile kicheko cha msibani, na Tinkara akasema bora angemchoma moto Milojka mwenyewe kuliko kuwafanyia nyuki hivyo. Bibi alisimama pale mwekundu kama kibao chake. Milojka alikuwa anageuka huku na huku, hajaelewa, mpaka mtu akamweleza sikioni. Akaelewa. Hakucheka. Akafunga vifungo vya koti lake la kijani, vyote, kwenye joto lile.

Wakakaa kikao pale pale barabarani, glasi mkononi. Vijana wakasema tuvirudishe leo jioni. Ciril akakataa. Nyuki wameshachanganywa mara moja, ukiwachanganya mara ya pili ndani ya maua ya akasia unawamaliza. Vibao vikae vilivyo mpaka baridi. Bibi mwenyewe akasema ni kweli. Ndiye aliyekuwa anajua kuliko wote kwamba ni kweli.

Kwa hiyo bibi akapata alichokitaka. Katikati ya banda, msimu mzima.

Na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu, wala hakuna aliyeipanga. Maana njia yetu kiangazi inapita watu, waendesha baiskeli, wapanda milima, familia kutoka Kranj na Ljubljana, Waitaliano. Wanasimama kunywa maji, wanatazama vibao, na kila mtu, hata asiyejua nyuki, anauliza swali moja. Mbona huyu wa katikati hana nyuki? Na mbona kule pembeni wamejaa hivyo? Bibi yuko pale kwenye kiti cha kukunja kwa sababu anauza asali, hawezi kukimbia.

Siku za kwanza alikuwa anajibu kifupi. Nilifanya kosa. Watu wanasema aha, wananunua, wanaondoka, na yeye anabaki amechukia. Halafu mama mmoja wa baiskeli akamuuliza, kosa gani? Bibi akaanza. Akamwambia kuhusu ganda la limao. Akamwambia kuhusu mguu chini ya meza. Yule mama alikuwa na chupa ya maji mdomoni, akaishusha hajanywa.

Akasia ilipoisha, ikaja zamu ya ile miti mikubwa tunayoiita lipa kuchanua, bibi alikuwa ameshaikomaza hadithi yake. Haikuwa kama kule kusoma kwake. Kitabuni alikuwa anasoma vizuri kama mwanafunzi mwema, kidole chini ya mstari, hakosi neno. Hapa hakuna mstari. Anaanza kutoka shamba la juu, godoro na shimo lake, anapita kiwandani haraka haraka, anafika kwa Milojka na hapo anapunguza. Anamwigiza Milojka. Anafanya na mkono, Milojka anavyozipapasa zile nywele zake fupi. Akifika kwenye kung'oa msumari, anatulia, anawatazama mmoja mmoja, anasema, "Na ilikuwa mchana." Hata Waitaliano wasiojua lugha walikuwa wanashika kifua. Nimerekodi mara kadhaa kwenye simu, haifanani hata moja na nyingine. Watu wakaanza kurudi na wenzao. Wanamkalisha mjomba wao kwenye nyasi, wanamwambia bibi, hebu mwambie, anzia kwenye viazi.

Milojka hakuwa anakanyaga pale tangu ile Jumapili. Akienda dukani alikuwa anazunguka nyuma ya kanisa. Lakini kijiji ni kidogo na maneno yana miguu, akasikia kwamba kwenye banda la nyuki anasimuliwa, kila siku, na watu wasiomjua.

Alikuja Agosti, jioni ya jua. Kulikuwa na kikundi kikubwa, basi zima la wastaafu kutoka pwani, wamekaa kwenye nyasi na kwenye ukingo wa barabara. Akasimama nyuma karibu na jumba la zimamoto, mikono imefungwa kifuani. Bibi alimwona. Najua alimwona, maana alipofika kwenye kusoma kwa Milojka hakupunguza sifa hata moja. Aliongeza. Aliisema ile sauti mpaka wastaafu wakawa wanaisikia. Halafu akawapeleka polepole mpaka kwenye msumari, na pale kwenye kutulia, basi zima halikupumua. Dereva wao alikuwa amewasha injini ili waondoke. Akaizima.

Nilimgeukia Milojka. Alikuwa anatabasamu, tena vizuri sana, ila kidole chake kilikuwa kinazungusha kifungo cha koti, kinazungusha, kinazungusha, mpaka uzi ukakatika.

Walipoondoka akavuka barabara.

"Umenipunguza," akasema. "Hukusema kwamba nilichora bluu kwa sababu nyekundu yote uliichukua wewe."

"Haimo."

"Iweke. Na geti. Uliposema nilisoma lile geti, ukalipita mbio. Lile geti nililisoma nyumbani wiki nzima mbele ya kioo, wifi, hakuna aliyezaliwa nalo."

Bibi akaanza kukunja meza yake. Alisema hadithi ni yake, kama Milojka anataka ya kwake atafute kosa lake afanye.

Milojka akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Pale kwenye mchana. Unanyamaza kwa kuhesabu, au unangoja nini?"

"Nangoja wewe umalize kunichukia," bibi akasema. "Halafu ndiyo nasema."

Kulikuwa na baiskeli mbili zinashuka kilimani, zikapunguza mwendo, zikasimama mbele ya banda. Msichana mmoja akavua kofia, akanyoosha kidole katikati, akauliza. Bibi akakunjua kiti. Milojka hakuondoka. Akakaa kwenye nyasi kando ya wale wasichana, miguu imenyooka, kifungo mkononi, na bibi alipoanza na shamba la juu na godoro, nikaona midomo ya Milojka inacheza kimya kimya, neno kwa neno, anamfuata nyuma kidogo kama anayejifunza.